Lupasi, APTT ndefu na VDRL ya kudanganya: mgonjwa huyu atavuja damu au damu yake itaganda?

Zamu_ya_Usiku ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mchango wenu, hasa wa upande wa damu, baridi yabisi na maabara.

Mwanamke wa miaka 31, kilo 60, ana lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) ya viungo na ngozi. Kingamwili za lupasi: ANA 1:640, anti-dsDNA iko juu, figo salama, mkojo hauna protini. Amepangiwa kuondolewa fibroidi wiki ijayo, si dharura. Vipimo vya maandalizi: APTT (muda wa plazma kuganda kwenye tyubu) sekunde 62 (kawaida ya maabara yetu ni 26 hadi 36), PT (kipimo kingine cha muda wa kuganda) sekunde 13, INR (PT iliyosanifishwa) 1.0, chembe sahani 92 × 10⁹ kwa lita, Hb (wingi wa damu) 10.8. VDRL (kipimo cha kuchunguza kaswende) chanya 1:4 lakini TPHA (kipimo cha kuithibitisha) hasi. Mimba moja ilitoka wiki ya 17 miaka miwili iliyopita, mtoto hakuwa na kasoro ya kuonekana na presha ya mama ilikuwa sawa. Hajawahi kupata bonge la damu mguuni wala kwenye mapafu. Fizi hazivuji, na aling'olewa jino bila shida.

Dawa: prednisoloni mg 5, haidroksiklorokwini mg 200 kwa siku, na vidonge vya majira vyenye homoni mbili. Kingamwili pekee tuliyoweza kupima, tena kwa kutuma nje, ni anticardiolipin (kingamwili dhidi ya fosfolipidi iitwayo kadiolipini) ya aina ya IgG: uniti 68 za GPL.

Timu ya upasuaji imeandika uniti nne za plazma kabla ya kuingia chumbani ili "kurekebisha APTT". Mwenzangu mwingine anasema aanzishiwe rivaroxaban (kidonge cha kuzuia damu kuganda) leo leo. Naona wote wawili hawawezi kuwa sahihi. Maswali:

1. Plazma itasaidia?
2. Nikitaka kupima kizuia mgando cha lupasi (LA), sampuli niichukueje ifike salama maabara ya rufaa, mwendo wa saa tisa kwa basi?
3. Hatari yake ya kuganda damu ni kubwa kiasi gani, na apewe nini?

---

Kitengo_cha_Damu amejibu:

Plazma iache kwenye friza.

APTT ndefu, PT ya kawaida, asiyevuja damu, mwenye lupasi, VDRL chanya na TPHA hasi: picha hii yote inaelekeza kwenye kingamwili za fosfolipidi, yaani zinazolenga mafuta ya utando wa seli. Jina "kizuia mgando cha lupasi" limewapoteza watu tangu lilipotungwa mwaka 1972. Kinazuia mgando ndani ya tyubu tu. Kipimo cha APTT kinahitaji fosfolipidi ili hatua za mgando ziende, na kitendanishi kina kiasi kidogo cha fosfolipidi hiyo. Kingamwili zinaing'ang'ania, vigandishi vinakosa pa kushikia, saa inaendelea kuhesabu. Ndani ya mwili mambo ni kinyume: kingamwili hizo hizo zinashika protini iitwayo beta-2 glaikoproteini I juu ya ukuta wa ndani wa mshipa, chembe sahani na seli nyeupe, zinaziamsha, zinaamsha pia komplimenti (protini za kinga zilizomo kwenye damu), na mshipa uliokuwa umetulia unakuwa tayari kugandisha. Kwa kawaida bado unahitajika msukumo wa pili: upasuaji, maambukizi, ujauzito, estrojeni, kulala kitandani siku nyingi. Mgonjwa wako ana msukumo mmoja tayari (majira) na mwingine umepangwa wiki ijayo.

Ukimpa plazma uniti nne, APTT itabaki palepale au itashuka kidogo, kwa sababu hakupungukiwa kigandishi, ana kizuizi. Utakachopata ni ujazo wa maji mwilini, hatari ya mapafu kuathirika kwa kuongezewa damu, na timu iliyotulizwa na kitu kisichofanya kazi. Halafu mbaya zaidi: faili litaandikwa "ana tatizo la kuvuja damu" na baada ya upasuaji hakuna atakayethubutu kumpa heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda), wakati yeye ndiye anayeihitaji kuliko wagonjwa wote wa wodi ile.

Kuna hali mbili ambazo mtu wa lupasi mwenye APTT ndefu huvuja damu kweli, na lazima uziondoe kwanza:

Ya kwanza ni kingamwili dhidi ya kigandishi namba 8. Hapa PT ni ya kawaida kama ya huyu, ila mgonjwa ana mabaka makubwa ya damu chini ya ngozi na kwenye misuli. Ya pili ni upungufu wa prothrombini (kigandishi namba 2) unaoambatana na kizuia mgando cha lupasi. Hapa PT nayo inarefuka. PT ya sekunde 13 inakupa utulivu upande huo, na historia ya jino inakupa utulivu upande wa kwanza, lakini fanya kipimo cha kuchanganya plazma hata hivyo. Hakihitaji mashine ya ajabu, kinafanyika popote panapopimwa APTT. Wa maabara atakueleza.

---

Benchi_la_Maabara amejibu:

Nianze na kuchanganya. Chukua plazma ya mgonjwa na plazma ya watu wazima wenye afya iliyochanganywa pamoja, nusu kwa nusu, pima APTT papo hapo. Kisha fanya hesabu: muda wa mchanganyiko utoe muda wa plazma ya kawaida, gawanya kwa muda wa mgonjwa, zidisha kwa 100. Tuseme mgonjwa 62, ya kawaida 31, mchanganyiko 50. Hiyo ni 19 kugawanya kwa 62, karibu 31. Maabara nyingi huweka mpaka kati ya 12 na 15: ukivuka, kuna kizuizi; ukiwa chini, fikiria upungufu wa kigandishi. Mpaka wenu upimeni wenyewe kwa kitendanishi chenu, msiazime wa jirani. Seti nyingine iache kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili ndipo upime. Kama papo hapo mchanganyiko ulirekebika halafu baada ya saa mbili ukarefuka tena, hiyo ni tabia ya kingamwili ya namba 8, na hapo piga simu kabla mtu hajashika kisu.

Sasa sampuli ya LA. Hapa ndipo majibu mengi ya uongo yanapozaliwa, tena kabla mashine haijaguswa.

Tyubu ni ya kifuniko cha buluu, sodiamu sitreti 3.2%, ijazwe hadi alama. Uwiano ni sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Ikijazwa nusu, sitreti inazidi na muda unarefuka bure. Chukua kabla ya heparini, si baada, na usivute kwenye laini iliyosukumwa heparini.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa 2,000 g dakika 15. Angalieni: ni g, si mizunguko kwa dakika. Hesabu yake: 0.00001118 zidisha kwa nusu kipenyo cha rota kwa sentimita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota yenye sentimita 15 inahitaji mizunguko kama 3,450. Nimetaja namba hii kwa sababu mashine nyingi za mezani zinaachwa kwenye 3,000 kila siku, na kwa rota hiyo unapata takribani 1,500 g tu.

Nyonya plazma ya juu kwa pipeti ya plastiki, acha kama nusu sentimita juu ya seli, usiguse ule utando mweupe. Hamishia kwenye tyubu ya plastiki, zungusha tena vilevile, nyonya tena ukiacha chini. Lengo ni chembe sahani zibaki chini ya 10 × 10⁹ kwa lita. Ipitisheni kwenye mashine ya kuhesabu damu muone. Watu wanaruka mzunguko wa pili kuokoa muda. Matokeo yake: ukigandisha plazma yenye chembe sahani, zinapasuka, zinamwaga fosfolipidi zake, fosfolipidi inazimeza kingamwili, jibu linatoka hasi kwa mtu ambaye ni chanya kabisa.

Kazi yote iishe ndani ya saa nne tangu kuchoma sindano. Kwa hiyo safari ya saa tisa na damu nzima haiwezekani, hata ukiweka kwenye boksi la barafu. Gawanya plazma kwenye vichupa vya mililita 0.5, angalau vitatu, gandisha haraka kwenye nyuzi −70 kama mnayo. Kwenye −20 plazma huvumilia wiki mbili hivi, mradi friza si ile inayojiyeyusha barafu yenyewe. Safirisha kwenye barafu kavu. Ikifika imeyeyuka, maabara ya rufaa waambie waitupe; kuigandisha tena ni kupoteza kitendanishi. Wao wataiyeyusha kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika tano na kuichanganya taratibu.

Barafu kavu ikikosekana, ni nafuu kumpandisha mgonjwa mwenyewe basi akachomwe kulekule.

Anticardiolipin na anti-beta-2 glaikoproteini I hazina mahitaji hayo. Ni seramu ya kawaida, zinapimwa kwa ELISA, zinakaa kwenye jokofu siku kadhaa na hazijali kama mgonjwa yuko kwenye heparini au wafarini (kidonge cha kuzuia damu kuganda). Tumeni seramu leo, ombeni IgG na IgM za zote mbili.

Maabara ya rufaa itatumia njia mbili kwa LA: sumu ya nyoka wa Russell iliyozimuliwa, ambayo inaamsha moja kwa moja kigandishi namba 10, na APTT yenye fosfolipidi kidogo. Moja ikitoka chanya inatosha. Kila njia ina hatua tatu: kipimo cha awali, kuchanganya, na kuthibitisha kwa kuongeza fosfolipidi nyingi. Muda ukifupika baada ya kuongeza fosfolipidi, mhusika amejulikana. Maabara nyingi huita chanya uwiano unaozidi takribani 1.2.

Vinavyodanganya: rivaroxaban inatoa chanya ya uongo kwenye njia ya nyoka, kwa hiyo mwenzako akimuanzishia leo, kipimo kimekufa. Vitendanishi vya njia ya nyoka vina kizima heparini, ila hadi kama uniti 0.8 mpaka 1.0 kwa mililita, basi. CRP (protini inayopanda kwenye uvimbe na maambukizi) ikiwa juu sana inarefusha APTT na kutoa chanya ya uongo. Kinyume chake, kigandishi namba 8 kikipanda kwenye ujauzito au homa kali, APTT inafupika na kuficha LA. Ndiyo maana mgonjwa mahututi asipimwe LA kama kuna njia ya kusubiri.

---

Zamu_ya_Usiku:

Asanteni sana, hii ya chembe sahani kupasuka ilikuwa inanipita. Swali dogo: VDRL na hiyo 1:4 inaingia wapi? Wodini kuna waliotaka achomwe benzathini, sindano ya kaswende.

---

Benchi_la_Maabara:

Antijeni (kinachonasa kingamwili) ya VDRL na ya RPR, kipimo ndugu yake, ni mchanganyiko wa kadiolipini, lesithini na kolesteroli, na kadiolipini yenyewe asili yake ni moyo wa ng'ombe. Mwenye kingamwili za kadiolipini anavifanya vipimo hivyo vitoke chanya bila kuwa na kaswende. Dalili ni kiwango cha chini, kwa kawaida chini ya 1:8, na TPHA hasi. Vile vipimo vya haraka vya kliniki ya wajawazito vinavyotafuta kingamwili za bakteria mwenyewe havidanganywi namna hii, kwa hiyo mama huyu huyu angeweza kutoka hasi kliniki na chanya maabara, na wote wawili wakawa wamepima sawasawa.

Geuza shilingi pia: kaswende ya kweli, VVU, homa ya ini C na malaria vinaweza kuinua anticardiolipin kwa muda. Nyingi za namna hiyo hazihitaji beta-2 glaikoproteini I ili zishike, na hazigandishi damu. Ndiyo sababu ya kuomba kipimo cha pili cha beta-2, na sababu ya kurudia baada ya wiki 12.

---

Viungo_na_Kinga amejibu:

Nichukue swali la tatu. Neno "chanya" peke yake halina uzito. Uliza mambo manne: ni kingamwili ipi, ni IgG au IgM, iko juu kiasi gani, na imedumu?

Kwa ubaya, LA inaongoza. Inafuata IgG ya kadiolipini na ya beta-2 zikiwa juu, hasa zikiwa pamoja. IgM ikiwa peke yake ni dhaifu. Mwenye zote tatu, yaani LA, kadiolipini na beta-2, ndiye tunayemwita "chanya tatu", na huyo ni wa kuogopa hata kama hajawahi kuganda: kundi la watu 104 wa aina hiyo lililofuatiliwa Italia na kuchapishwa 2011 lilipata bonge la kwanza kwa kasi ya 5.3% kwa mwaka. Miaka kumi ya kasi hiyo, zaidi ya theluthi yao walikuwa wameshaganda. Mtu mwenye anticardiolipin ya chini, peke yake, iliyotoweka baada ya miezi mitatu, hana habari hiyo kabisa.

ANA 1:640 haiongezi chochote kwenye hesabu hii. Wala anti-dsDNA, isipokuwa kwa mlango wa nyuma: ikiambatana na figo kuvuja protini nyingi na albumini kushuka chini ya gramu 25 kwa lita, mgonjwa anapoteza antithrombini (protini ya mwili inayozuia kuganda) kwenye mkojo na anaganda kwa sababu hiyo, hata asipokuwa na kingamwili hata moja ya fosfolipidi. Mgonjwa wako mkojo wake ni safi, hilo tuliweke pembeni.

Sasa yeye. GPL 68 kwa vigezo vya ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi vilivyotolewa na vyama vya baridi yabisi vya Marekani na Ulaya (ACR na EULAR) 2023 ni kiwango cha kati (40 hadi 79; kuanzia 80 ni cha juu). IgG ya kati iliyodumu ina pointi 4 upande wa maabara, na zinahitajika 3. LA iliyopatikana mara moja ni pointi 1 tu, ikidumu ni 5. Upande wa kliniki pia zinahitajika 3. Mimba kutoka kati ya wiki 16 na 34 bila kifafa cha mimba kikali wala kondo kushindwa: pointi 1. Chembe sahani kati ya 20 na 130: pointi 2. Jumla 3, ameingia, kwa shuruti kwamba chembe hizo hazina sababu nyingine inayoeleweka zaidi. Na hapo pana mjadala halali, maana lupasi yenyewe inashusha chembe sahani. Kwa vigezo vya zamani vya Sydney vya 2006, ile mimba ya wiki ya 17 peke yake ingemwingiza bila ubishi.

Lakini wakuu, vigezo hivi vimetungwa kuchagua watu wa kuingia kwenye tafiti. Nimeona watu wakimnyima mgonjwa aspirini kwa sababu amekosa pointi moja, na huko ni kuvitumia vibaya. Kwa matibabu, swali ni: kingamwili zake ni za hatari kubwa? APTT ya sekunde 62 inanifanya niamini LA ipo. Ikithibitishwa mara mbili, ni hatari kubwa, hata beta-2 ikitoka hasi.

Ninachofanya kwa mgonjwa wa namna hii ambaye hajaganda: aspirini mg 75 hadi 100 kila siku, na haidroksiklorokwini kwa dozi kamili. Kilo 60 kwa mg 5 kwa kilo ni mg 300. Kwa vidonge vya mg 200, kimoja leo, viwili kesho. Mg 200 anazokunywa sasa ni pungufu. Macho yapimwe mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano, mapema zaidi figo zikichoka. Presha, lehemu na sigara vishughulikiwe kwa ukali kuliko kwa mtu mwingine. Kwenye alama ya GAPSS, inayokadiria hatari ya kuganda kwa wenye kingamwili hizi, lehemu ina pointi 3 na presha 1, wakati LA ina 4, kwa hiyo lehemu si jambo la kutaja kwa heshima tu.

Vidonge vya majira vyenye estrojeni, simamisha leo. Hili halingoji jibu la LA. Sindano ya miezi mitatu nayo ikwepwe. Kitanzi cha shaba kwa kawaida ndicho jibu safi kwa wagonjwa hawa, ila fibroidi zikiwa zimepinda mji wa mimba hakikai vizuri na kitaongeza damu ya hedhi kwa mtu ambaye Hb yake ni 10.8, kwa hiyo kondomu mpaka baada ya upasuaji, kisha mjadiliane upya.

---

Kitengo_cha_Damu:

Naongezea upasuaji, maana umesema si dharura. Sogeza mbele wiki nne. Sababu ya kwanza ni estrojeni itoke mwilini. Ya pili ni vipimo, ya tatu ni kupandisha Hb kwa madini ya chuma.

Siku ikifika: chembe sahani 92 zinatosha kwa upasuaji na kwa ganzi ya mgongo. Hakuna plazma. Mwambie mtaalamu wa usingizi kwa maandishi kwamba APTT hii haimaanishi kuvuja, la sivyo ataghairi asubuhi ya siku yenyewe. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ambayo kwenye fibroidi inachomwa karibu kwa mazoea, kwa huyu isichomwe kwa mazoea. Iwe uamuzi wa makusudi damu ikianza kumwagika kweli. Soksi za kubana tangu mezani, maji ya kutosha, atembezwe siku hiyo hiyo.

Enoxaparin (aina ya heparini) mg 40 chini ya ngozi mara moja kwa siku, dozi ya kwanza saa 6 hadi 12 baada ya upasuaji jeraha likiwa kavu. Kama ana mrija wa ganzi mgongoni, usitolewe kabla ya saa 12 kupita tangu dozi. Iendelee mpaka atembee kawaida. Kwa chanya tatu wapo tunaofika wiki nne. Chembe sahani zipimwe tena kati ya siku ya 5 na ya 10, kwa sababu ya heparini yenyewe.

Na ikitokea ameganda ukahitaji heparini ya kawaida ya mshipa: APTT yake haiwezi kukuongoza, imeshaharibika kabla hujaanza. Tumia kipimo cha anti-Xa (kinachopima nguvu ya heparini yenyewe), lengo uniti 0.3 hadi 0.7 kwa mililita. Kama hakipo, chagua enoxaparin mg 1 kwa kilo kila saa 12, ambayo haihitaji APTT. Kasi ya figo kuchuja ikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, iwe mara moja kwa siku.

---

Mfamasia_Mombasa amejibu:

Kuhusu rivaroxaban, mwenzako apewe jibu la wazi: kwa mtu ambaye hajaganda hakuna sababu ya kumpa kabisa, na kwa aliyeganda akiwa na chanya tatu ni dawa isiyofaa. Jaribio la TRAPS lilichapishwa 2018, wagonjwa 120, wote chanya tatu na wote walishawahi kuganda. Lilisimamishwa kabla ya muda: upande wa rivaroxaban watu 59, saba walipata kiharusi au shambulio la moyo. Upande wa wafarini watu 61, hakuna hata mmoja. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa tahadhari kwa kundi zima la dawa hizo.

Basi akiganda ni wafarini. Bonge la vena: INR 2 hadi 3. Ateri, kama kiharusi: INR 2 hadi 3 pamoja na aspirini, au 3 hadi 4 bila aspirini, kulingana na hatari ya kuvuja. Aanze pamoja na heparini, zipishane angalau siku tano na mpaka INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24. Ukikatiza heparini siku ya tatu kwa sababu INR imegusa 2, umedanganywa: kilichoshuka ni kigandishi namba 7 chenye maisha mafupi, prothrombini bado ipo.

Mashine ndogo ya INR ya kutoboa kidole isiaminiwe kwa wagonjwa hawa mpaka ilinganishwe na damu ya mshipa, na ikisoma zaidi ya 4 chukua damu ya mshipa kila mara. LA inaweza kuipandisha kiuongo, mgonjwa akapunguziwa dozi huku kwa kweli hajafikia lengo.

Mwingiliano unaotuumiza huku kwetu ni huu: septrini, metronidazole na flukonazole zinapandisha INR ndani ya siku chache. Rifampicin ya kifua kikuu inaishusha mno, dozi inaweza kuhitaji kuongezwa mara mbili hadi tano, na hatari halisi inakuja inapokatizwa, dozi ikisahaulika ilipo. Diclofenac ya dukani haigusi sana INR lakini inatoboa tumbo, na wagonjwa wa viungo wanaipenda. Kuhusu mchicha, kisamvu na matembele, msiwaambie waache mboga. Waambie wale kiasi kilekile wiki hadi wiki, tutapanga dozi kwa chakula chao. Anayekatazwa mboga hutii mwezi mmoja, halafu anakuja msimu wa mvua, mboga bwelele, INR 1.3.

---

Mkunga_Kliniki:

Shukrani walimu. Akitaka ujauzito baadaye je?

---

Viungo_na_Kinga:

Aspirini aendelee nayo tangu kabla ya kushika mimba. Kwa historia yake ya wiki ya 17, kingamwili zikithibitika kudumu, aongezewe enoxaparin mg 40 kwa siku tangu kipimo cha mimba kinapotoka chanya, isimame uchungu unapoanza, irudi baada ya kujifungua hadi wiki sita. Wiki hizo sita ndizo mbaya zaidi kwa mabonge, na ndizo mama anazopotelea kwa sababu kadi ya kliniki imeshafungwa. Haidroksiklorokwini isikatwe kwa hali yoyote. Kama wakati huo yuko kwenye wafarini, abadilishwe kwenda heparini kabla ya wiki ya sita, kwani kati ya wiki 6 na 12 inaharibu mifupa ya pua na ncha za mifupa ya mtoto. Akinyonyesha, wafarini haina shida.

Pimeni pia anti-Ro, kingamwili nyingine ya lupasi. Haigandishi damu, lakini inaweza kuziba umeme wa moyo wa mtoto, mara nyingi kati ya wiki 16 na 26. Ni bora kuijua mapema kuliko kuisikia kwenye fetoskopu mapigo yakiwa 60.

---

Zamu_ya_Usiku:

Basi mpango wetu: plazma imefutwa, majira yamesimama, upasuaji umesogezwa. Seramu inaondoka kesho, na mgonjwa mwenyewe atasafiri kwa LA kwa kuwa barafu kavu hatuna. Je, aspirini naanza sasa au baada ya kisu? Na zile wiki 12 nahesabu kuanzia lini, maana jibu la GPL 68 lilikuja wiki tatu baada ya kuchomwa?

---

Kitengo_cha_Damu:

Aspirini ianze baada ya upasuaji, siku moja au mbili jeraha likitulia. Kuianza leo na chembe 92, fibroidi zinazovuja na kisu mwezi ujao hakuna haraka ya kutosha. Enoxaparin ndiyo itakayobeba kipindi cha hatari.

Wiki 12 zinahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku jibu lilipofika. Iandikeni tarehe hiyo kwenye jalada la mbele la faili, na LA ya pili isiangukie ndani ya siku za enoxaparin. Ikiangukia, damu ivutwe angalau saa 12 baada ya dozi ya mwisho, yaani kabla tu ya dozi inayofuata.

---

Benchi_la_Maabara:

Na kwenye fomu ya maombi andikeni dawa zote na saa ya dozi ya mwisho. Fomu nyingi zinafika zimeandikwa "LA" tu, pamoja na sahihi isiyosomeka, na hapo hakuna mtu anayeweza kujua kama muda mrefu ni wa kingamwili au wa sindano ya saa mbili asubuhi.